Mwongozo kamili wa sosi za kuchovya za Kivietinamu na chakula chake

Wengi wanaojaribu nước chấm, yaani sosi ya kuchovya ya Kivietinamu, nyumbani hukwama pale pale: sosi inazidi chumvi, inanuka samaki, au kitunguu saumu kinazama na kulala chini ya bakuli. Wanarudi kwenye vipimo, wanapunguza hiki na kuongeza kile, na bado haikai sawa. Mara nyingi vipimo havina tatizo. Kilichokosewa ni utaratibu wa kuchanganya, au sosi iliyotengenezwa ilikuwa ya chakula kingine.

Hilo la pili ndilo linalosahaulika zaidi. Vietnam hakuna sosi moja ya kuchovya kila kitu. Nyama ya kuchoma ya bún chả, chakula cha Hanoi kinacholiwa na tambi na majani, inazamishwa kwenye bakuli na kulowana humo, kwa hiyo sosi yake ni nyepesi kiasi cha kunyweka. Chả giò, zile rolo za kukaanga, zinachovywa upande mmoja na kuliwa papo hapo, na sosi yake imekolea zaidi. Bata wa kuchemsha anaguswa tu kwenye sosi, hivyo sosi yake ni nzito na kali. Kabla ya kupima maji, jiulize chakula kitakaa kwenye sosi kwa muda gani.

## Vitu vya kuandaa

Sosi ya samaki (nước mắm). Hii ndiyo inayoamua kila kitu. Soma kibandiko: nzuri ina samaki wadogo aina ya cá cơm, ambao ni ndugu wa dagaa wa baharini wa pwani yetu, pamoja na chumvi. Nyingine zina sukari kidogo, na hizo pia zinafaa. Ukiona orodha ndefu ya rangi na ladha za kutengenezwa, hiyo imezimuliwa na haitavumilia kuongezewa maji tena. Chupa nyingi huandikwa namba ya độ đạm, yaani gramu za nitrojeni kwa lita moja. Kwa kuchovya tafuta 30 hadi 40. Zilizo chini ya 20 ziachie chungu cha kupikia. Ile ya kisiwa cha Phú Quốc, ambayo jina lake linalindwa na Umoja wa Ulaya tangu 2012, inaaminika. Sosi ya samaki ya Thailand pia inafaa, ila mara nyingi chumvi yake inasikika zaidi, kwa hiyo anza na kidogo.

Ndimu mbichi. Isiwe limau kubwa la njano, wala maji ya ndimu ya chupa. Limau lina harufu nyingine, na la chupa huacha uchungu. Ndimu ndogo zenye ganda jembamba na maji mengi ndizo bora.

Siki ya mchele, kwa sosi za kaskazini. Ukikosa, siki nyeupe ya kawaida inafaa ukiipunguza kwa maji nusu kwa nusu.

Sukari. Nyeupe inaiacha sosi iwe safi. Ile ya rangi ya kahawia inaipa giza kidogo na inahitaji maji ya moto zaidi, basi.

Kitunguu saumu na pilipili mbichi. Pilipili nyekundu nyembamba ndiyo inayotakiwa. Pilipili mbuzi ina harufu yake yenyewe ambayo itameza kila kitu.

Utahitaji pia kisu kikali, kinu kidogo na mchi, bakuli la kioo au la udongo, na kijiko kimoja. Vipimo vyote hapa ni vya kijiko cha mililita 15, lakini kijiko chochote kitafaa ilimradi usikibadilishe njiani, kwa sababu kinachohesabika ni uwiano.

## Sosi ya msingi: nước mắm chua ngọt ya kusini

Uwiano ni 1:1:1:4. Sukari vijiko 3, maji ya ndimu vijiko 3, sosi ya samaki vijiko 3, maji vijiko 12. Ongeza punje 2 za kitunguu saumu na pilipili 1. Inatosha watu wanne.

1. Yeyusha sukari peke yake. Weka sukari kwenye bakuli, mimina maji ya moto vijiko 4, koroga mpaka kijiko kisikwaruze chini. Kisha ongeza maji baridi vijiko 8. Ukichanganya kila kitu kwa pamoja kwenye maji baridi, punje za sukari hubaki chini. Utaonja, utaona utamu hautoshi, utaongeza. Nusu saa baadaye zote zimeyeyuka na sosi imezidi utamu.

2. Subiri ipoe. Mchanganyiko uwe vuguvugu unapotia ndimu. Joto kali linafukuza harufu ya ndimu na kuacha ukali mtupu.

3. Tia ndimu, uonje. Toa mbegu, na usilikamue ganda mpaka tone la mwisho, maana uchungu unatoka hapo. Nyuzi za ndani za ndimu ziache ziingie. Vietnam hukwanguliwa makusudi kutiwa kwenye sosi. Onja sasa, kabla sosi ya samaki haijaingia. Uwe na juisi ya ndimu ya kunywa, kali kidogo kuliko unayopenda. Ikikunja uso, ongeza nusu kijiko cha sukari. Ikiwa tamu tupu, ongeza ndimu. Ukishatia chumvi, ulimi hautakuambia tena kwa uwazi kipi kimezidi kati ya utamu na uchachu. Wanaoruka hatua hii ndio wanaoishia kuongeza hiki na kile bila mwisho.

4. Tia sosi ya samaki kwa awamu. Anza na vijiko 2, koroga, kisha ongeza nusu nusu. Usionje kwa kijiko. Chovya jani la saladi au uzi wa tambi, kwa sababu majani na tambi havina chumvi na sosi ndiyo itakayovikolea. Sosi iliyo sawa kwenye kijiko inakuwa maji matupu kwenye chakula. Iwe imezidi kidogo ikiwa peke yake.

5. Kitunguu saumu na pilipili mwisho. Vikate kwa kisu, vipande vidogo vya milimita 1 hadi 2, uvinyunyize juu. Usitumie kikwangulio wala mashine: kitunguu saumu kilichosagika kinatoa maji makali, kinatia ukungu na kinazama. Sosi yenye sukari na chumvi ni nzito kuliko maji, kwa hiyo vipande vidogo vikavu vinaelea juu yake. Ukivitia mwanzoni, kabla ya maji, vinalowa na kwenda chini.

Kuna wapishi wanaotwanga kitunguu saumu na pilipili kwenye kinu pamoja na sukari. Ladha inaingia ndani zaidi, na mimi ningechagua njia hiyo kwa sosi ya kumwagia wali. Lakini usitegemee vielee.

6. Acha dakika 10. Isiwe chini ya hapo, la sivyo kitunguu saumu kinauma bila harufu.

Ikifanikiwa: rangi ni ya chai ya rangi nyepesi, unaona chini ya bakuli, vyekundu na vyeupe vinaelea juu. Mdomoni unaanza uchachu na utamu kwa pamoja, kisha chumvi, ukali wa pilipili unakuja nyuma. Harufu ya samaki isitangulie. Ikitangulia, ndimu haitoshi.

## Irekebishe kufuata chakula

Kwa chả giò, rolo za kukaanga zenye nyama, kaa au kamba, tambi za choroko na uyoga, iache sosi ilivyo. Rolo inafungwa kwenye jani la saladi pamoja na nanaa na giligilani, ndipo inachovywa. Ukiichovya bila majani, ganda linalainika kabla halijafika mdomoni.

Kwa bánh xèo, chapati nyembamba ya unga wa mchele, tui la nazi na manjano, ongeza maji vijiko 2 na ndimu nusu kijiko. Ina mafuta mengi, na uchachu ndio unaoyakata. Maji ya dafu badala ya maji ya kawaida yanapendeza sana hapa, na ni desturi ya kusini. Ukiyatumia punguza sukari hadi vijiko 2.

Kwa bún thịt nướng, tambi baridi za mchele na nyama ya kuchoma, sosi inamwagwa juu, vijiko 4 hadi 5 kwa bakuli. Tumia ile ya msingi.

Cơm tấm, wali wa mchele uliovunjika na nyama ya kuchoma, unataka kinyume: sosi nzito na tamu inayoshika punje za wali. Chemsha sukari vijiko 4, maji vijiko 4 na sosi ya samaki vijiko 4 kwa moto mdogo dakika 5 mpaka iwe na utelezi kidogo. Ipoe, kisha ndimu kijiko 1, halafu kitunguu saumu na pilipili vilivyotwangwa. Ukiichemsha zaidi itaganda ikipoa. Ikikupata hivyo, kijiko cha maji ya moto kinairudisha.

## Sosi ya bún chả ya Hanoi

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kutumia sosi ya kusini. Bún chả ni nyama ya nguruwe ya kuchoma kwa mkaa, vipande vyembamba vyenye mafuta pamoja na vidonge vya nyama ya kusaga, iliyozamishwa kwenye sosi ya vuguvugu. Mlaji anachukua tambi kidogo na majani, anavizamisha humo humo, anakula pamoja na nyama. Asiyekula nguruwe atumie mapaja ya kuku yenye ngozi: sosi hii inahitaji mafuta yanayodondoka ndani yake, na kifua cha kuku hakina.

Vitu: papai bichi gramu 150, karoti 1, chumvi nusu kijiko cha chai, siki ya mchele vijiko 5, sukari vijiko 5, sosi ya samaki vijiko 4, maji vijiko 24, kitunguu saumu punje 3, pilipili 1, pilipili manga.

1. Achari. Menya papai, kata vipande vyembamba vya milimita 2, na karoti vivyo hivyo. Nyunyiza chumvi, ponda kwa vidole, acha dakika 15. Osha, kamua mpaka maji yakatike. Bila kukamua, papai litatema maji yake kwenye sosi na kuipoza ladha. Tia sukari kijiko 1 na siki kijiko 1, acha dakika 20. Liwe limelainika lakini bado linalia ukilitafuna. Papai lililoanza kuwa la njano ndani halifai; linayeyuka.

2. Sosi. Pasha maji na sukari vijiko 4 mpaka iyeyuke. Tia sosi ya samaki, zima moto kabla haijachemka. Sosi ya samaki ikichemka kwenye maji mengi, harufu yake inajaa nyumba nzima na ladha inapungua.

3. Siki nje ya moto. Vijiko 3, onja, kisha cha 4. Siki inatumika kwa sababu inavumilia joto kuliko ndimu.

4. Kuandaa. Gawa achari kwenye mabakuli, mimina sosi ya vuguvugu, tia nyama ikitoka jikoni, kisha kitunguu saumu, pilipili na pilipili manga. Sosi ikiwa baridi, mafuta ya nyama yanaganda juu. Ikiwa ya moto sana, achari inaiva.

Ikifanikiwa unaweza kunywa kijiko kizima bila kutafuta maji. Matone madogo ya mafuta yanang'aa juu, na bakuli lina harufu ya moshi.

## Sosi ya tangawizi: bata na konokono

Nước mắm gừng ni nzito. Vietnam bata huhesabiwa chakula cha ubaridi na tangawizi cha ujoto, ndiyo maana wanaenda pamoja. Na ni kweli kwamba tangawizi inaikata shombo ya bata vizuri kuliko kitu kingine.

Twanga tangawizi iliyokomaa gramu 30, kitunguu saumu punje 2, pilipili 1 na sukari vijiko 2. Sukari inasaidia kusaga nyuzi. Usisage mpaka iwe uji, vipande vionekane. Tia ndimu kijiko 1 na nusu, sosi ya samaki vijiko 3, maji kijiko 1. Koroga na usubiri dakika 15.

Ikiwa chungu, tangawizi ilikuwa na ganda au ilikuwa ya zamani yenye nyuzi nyingi. Ikiwa nyepesi, usiongeze sosi ya samaki, ongeza tangawizi. Mbali na bata wa kuchemsha na konokono wa mvuke, inafaa samaki wa mvuke.

## Sosi ya ukwaju: samaki wa kukaanga na samaki mkavu

Hii, nước mắm me, ndiyo rahisi kwa jikoni ya pwani. Loweka ukwaju gramu 40 kwenye maji ya moto mililita 100 kwa dakika 10, ukamue, uchuje. Kaanga kitunguu saumu punje 2 kwa mafuta kijiko 1 mpaka kianze tu kugeuka rangi, kwani kikiungua sosi nzima ni chungu. Mimina ukwaju, sukari vijiko 3, sosi ya samaki vijiko 2. Moto mdogo dakika 3 hadi 4, mpaka ipake mgongo wa kijiko. Pilipili mwisho.

Ukwaju hutofautiana mno kwa ukali, hivyo tia kijiko cha tatu cha sukari baada ya kuonja. Samaki mkavu ana chumvi tayari. Kwake punguza sosi ya samaki hadi kijiko 1.

## Sosi ya karanga: gỏi cuốn

Gỏi cuốn ni rolo mbichi za karatasi ya mchele zenye kamba, nyama, tambi na majani. Kusini huchovywa kwenye sosi nzito, kwa kuwa karatasi laini haishiki sosi nyepesi.

Kaanga punje 1 ya kitunguu saumu kwa mafuta kidogo. Tia tương đen, ile sosi nyeusi tamu ya soya inayouzwa pia kwa jina la hoisin, vijiko 4. Siagi ya karanga isiyo na sukari vijiko 2. Maji au supu ya kuku mililita 120. Koroga kwa moto mdogo dakika 2. Epua ikiwa bado nyepesi kuliko unavyotaka, kwa sababu itashikana ikipoa. Mafuta yakijitenga, moto ulikuwa mkali: tia vijiko 2 vya maji, koroga kwa nguvu. Juu weka karanga za kukaanga zilizotwangwa na pilipili.

Mwenye mzio wa karanga mpe ile ya msingi.

## Mắm nêm na mắm tôm

Hizi mbili zina harufu nzito, na hupatikana hasa kwenye maduka ya Waasia. Usizikimbie kabla ya kuonja zikiwa zimechanganywa.

Mắm nêm, samaki wadogo waliochachushwa bila kuchujwa, ni ya Vietnam ya kati. Katika mji wa Đà Nẵng huliwa na nyama ya nguruwe na majani kwenye karatasi ya mchele. Kusini huandamana na bò nhúng dấm, nyama ya ng'ombe inayoivishwa mezani kwenye siki. Tia vijiko 3 vya mắm nêm, maji vijiko 2 na sukari vijiko 2 kwenye sufuria, zikitokota mara moja epua. Ikipoa, weka nanasi bivu gramu 100 lililokatwakatwa, mchaichai sehemu nyeupe kijiko 1, kitunguu saumu, pilipili, ndimu kijiko 1. Usiache nanasi, ndilo linaloituliza chumvi. Na usiongeze chumvi kabisa.

Mắm tôm ni kamba waliochachushwa, ya bún đậu ya Hanoi: tambi za mchele zilizobanwa, tofu ya kukaanga, matango na majani. Kwa mtu mmoja: mắm tôm kijiko 1, sukari kijiko 1, ndimu kijiko 1. Piga kwa uma kwa nguvu dakika 1 hadi 2. Povu linapanda na rangi ya zambarau iliyofifia inakuwa ya waridi. Mimina kijiko 1 cha mafuta ya moto ya kukaangia tofu, piga tena, tia pilipili. Isipotoa povu, ongeza ndimu kidogo uendelee. Haifai kabisa kwa mwenye mzio wa kamba.

## Chumvi, pilipili manga na ndimu

Muối tiêu chanh kwa kuku wa kuchemsha na kaa: chumvi laini nusu kijiko cha chai, pilipili manga iliyotwangwa sasa hivi kiasi hicho hicho, robo ya ndimu pembeni ya kisahani. Kila mtu anajikamulia mezani. Ikikamuliwa mapema, chumvi inayeyuka yote na unachovya maji makali tu.

## Ikiharibika

Chumvi ikizidi, maji peke yake yanaua uchachu na utamu. Tengeneza juisi ndogo ya sukari, ndimu na maji kwa 1:1:4, uongeze kijiko kwa kijiko.

Ikiwa chungu, chanzo ni ganda au mbegu za ndimu, ndimu iliyotiwa kwenye maji ya moto, au kitunguu saumu chenye chipukizi la kijani katikati. Uchungu hautoki, anza upya, na chipukizi ulitoe.

Kitunguu saumu kikigeuka kijani au buluu, hakijaoza. Ni uchachu unaofanya kazi na viambata vya salfa vilivyomo. Kinalika, ila hakipendezi.

## Kuhifadhi

Chupa ya sosi ya samaki iliyofunguliwa ikae mahali pa baridi pasipo jua. Itazidi kuwa nyeusi na pengine kutengeneza fuwele za chumvi chini, bila madhara.

Sosi iliyochanganywa na kitunguu saumu iweke kwenye friji, uimalize ndani ya siku 3. Kwa mwenye wageni wengi ni afadhali kuchemsha maji, sukari na sosi ya samaki mara moja, kuipoza, na kuitia kwenye chupa safi. Inakaa wiki 2 kwenye friji. Ndimu, kitunguu saumu na pilipili vitiwe dakika 10 kabla ya kuandaa meza.